Nyumba zinaelea kwa sababu kamera hazijapatana

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaochora ramani za nyumba hapa Kigoma. Siku hizi picha moja hupitia programu mbili tatu: kuta na paa SketchUp, miti na bustani Blender, kisha vyote vinabandikwa Photoshop au GIMP, mara nyingine juu ya picha halisi ya kiwanja. Nyumba nzuri, miti mizuri, lakini jicho linakataa. Nyumba inaelea, au imeinamia ziwani. Mchoraji anahangaika na rangi na vivuli, anaivuta picha pembe huku na huku, kumbe zinazogombana ni kamera mbili, yaani pale kila programu inapojifanya imesimama kuitazama nyumba.

Kamera ina mambo manne: iliposimama, inakotazama, upana inaouona na umbo la fremu. La kwanza ndilo lisilo na dawa. Ikisimama mita 12 mbele ya baraza katika programu moja na mita 18 katika nyingine, hakuna kuvuta kutakakosaidia, maana dirisha lililofichwa na nguzo katika picha hii linaonekana katika ile. Kwa hiyo chagua pembe moja ya msingi wa nyumba iwe sifuri ya vipimo katika programu zote, halafu uhamishe namba za kamera kutoka hapo. Angalia vipimo: namba za inchi zikisomwa kama mita, jengo linakuwa kubwa mara 39 na ushei.

Lenzi ndiyo inayowakosesha wengi. Blender huandika milimita. SketchUp huandika digrii, na kwa kawaida ni digrii za wima, si za mlalo. Kwa sensa (kibao cha kamera kinachopokea picha) ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 35 ni digrii 54.4 za mlalo na 37.8 za wima. Lakini picha ikiwa ya 1920 kwa 1080, kimo cha sensa kinachotumika ni milimita 20.25 tu, na wima inashuka hadi 32.3. Anayeandika 37.8 SketchUp kwa fremu hiyo nyumba yake inatoka ndogo kwa karibu asilimia 16. Picha ikisimamishwa wima ndiyo balaa zaidi, kwani Blender isipoelekezwa huipa ile milimita 36 upande mrefu.

Kuta zikinyooka katika picha moja na kukutana juu katika nyingine, kamera moja imeinuliwa. Zilaze zote mbili zitazame mbele sawasawa, kisha pandisha fremu kwa Shift ya Blender badala ya kuinua kamera.

Kwenye miteremko yetu kuna mtego mwingine: ziwa. Mstari wa upeo wa macho uko kwenye kimo cha kamera, si kwenye ufukwe, na milima ya Kongo inachomoza juu yake, hivyo isikudanganye. Ukipiga picha ukiwa mita 50 juu ya maji, maji yanaishia kama kilomita 25 mbele, chini ya upeo wa kweli kwa chini ya robo digrii. Katika picha ya pikseli 1920 kwa lenzi ile ya 35, hizo ni pikseli kama 7. Hivyo ukingo huo wa maji unatosha kabisa kuwa upeo. Moshi wa kiangazi ukipaficha, refusha mistari ya msingi na ya ukingo wa chini wa paa, upande mmoja wa nyumba ya jirani. Inapokutana ndipo upeo ulipo.

Kabla ya kurenda chochote, yaani kuiamuru programu itoe picha kamili, weka maboksi ya sentimita 20 kwenye pembe nne za msingi na moja kileleni mwa paa. Yatoe katika programu zote mbili, tandika picha moja juu ya nyingine kwa hali ya Difference, inayoonesha tu pale picha mbili zinapotofautiana. Ikitoka nyeusi tupu, umemaliza. Maboksi yote yakitawanyika kutoka katikati kwa uwiano mmoja, kosa ni lenzi, na hilo hata kukuza picha kunalitibu. Yote yakisogea upande mmoja kwa kiasi kilekile, kamera inatazama pengine au fremu imesogezwa. Ya karibu yakihama kuliko ya mbali, rudi kwenye mahali pa kamera.

Jua nalo lipewe mahali pake. Kigoma iko nyuzi 29.6 mashariki ilhali saa zetu zinafuata 45, kwa hiyo jua linafika juu kabisa karibu saa 7 mchana, si saa 6. Juni liko kaskazini, Desemba kusini. Programu iliyoachwa na mahali pa Marekani pa kuanzia hutupa vivuli vya adhuhuri kaskazini mwaka mzima, na mteja mwenye kiwanja Ujiji akaoneshwa baraza la kaskazini lenye kivuli Juni wakati kwa kweli litachomwa na jua.

Mteja anayelipia picha ya namna hii aombe na ile ya maboksi.

Mchora ramani,
Mwanga, Kigoma