Barua kwa Kamati za Mazishi za Makanisa ya Malindi

Wanangu katika Kristo, mnaopanga mahanga, yaani matanga ya msiba, kuanzia Kakuyuni hadi Mambrui,

Amani iwe kwenu. Mwanglikana, Mkatoliki, Msabato na Mpentekoste hukutana jamvi moja kwenye hanga, na hapo ndipo wanapoumizana, mbele ya mfiwa. Hilo lanitia uchungu.

Paulo aliwaandikia Warumi karibu mwaka 57. Wayahudi waliofukuzwa na Kaisari Klaudio walikuwa wamerudi, wakakuta kanisa limeshika desturi za mataifa. Hakuwalazimisha chakula kimoja. Kila upande aliukataza kosa lake: alaye asidharau, asiyekula asihukumu (14:3). Sisi hukumbuka kosa la wenzetu tu.

Siku kwanza. Wengi wetu huzika Jumamosi, lakini Sabato huanza Ijumaa jua likitua, na hapa jua hutua muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni. Ikiwa marehemu au mjane ni Msabato, zikeni Ijumaa mchana au Jumapili. Msipange halafu mkamwarifu. Muulizeni kabla mwili haujatoka mochari.

Jikoni, nyama huchinjwa na Mwislamu ili majirani wote wale. Wako Wakristo ambao dhamiri yao haiwaruhusu kuila. Msibishane nao penye sufuria. Pikeni samaki pembeni. Ila si papa wala pweza, maana Msabato hula samaki mwenye mapezi na magamba (Walawi 11:9). Changu na tewa wanafaa. Wali hauna ugomvi: kilo moja hutosha watu wanane hivi.

Mnazi, yaani tembo la mnazi, ndio mgumu, kwa sababu tunachanganya mambo mawili. Kuunywa kwa kiasi ni jambo la dhamiri. Anayeona si dhambi asiunywe mbele ya ndugu aliyeacha ulevi juzi, maana harufu peke yake yaweza kumrudisha (Warumi 14:21). Lakini kuumwaga chini kwa ajili ya koma, yaani roho za wahenga, ni ibada, na hapo Paulo halegezi: hamwezi kunywea kikombe cha Bwana na kikombe cha pepo (1 Wakorintho 10:21). Mpentekoste asimwite kila mnywaji mwabudu koma, wala Mgiriama asiifiche tambiko chini ya jina la mila. Kadzama ya wazee, yaani mnazi wanaopewa kimila, izungumzwe mapema, mchungaji akiwepo: waulizwe kama watakubali fedha au soda. Ikiletwa ghafla kaburini, mchungaji ataondoka na wazee watanuna, na familia itabaki imegawanyika miaka.

Ngoma na vitambaa vya kichwa sivitaji sana. Fuateni desturi ya nyumba yenye msiba.

Siku yenyewe, mpakuzi asimuulize mtu dhehebu lake. Aulize tu: samaki au nyama?

Mzee wenu katika Bwana,
Malindi