Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: Mheshimiwa, njoo na mizani

Mheshimiwa Waziri wa Nishati na Maendeleo ya Madini,

Salamu nyingi kutoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Nina neno kuhusu betri za sola, hasa zile zenye stika ya uongo. Mimi ni mshonaji wa nguo, nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Koboko. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi, na huku kwetu mpakani kilikuwa lugha ya soko tangu enzi za bibi yangu. Kama ofisini kwako hapana wa kukusomea, muite askari yeyote mlangoni.

Nilinunua sola Aprili 2017. Wakati ule kanda yetu ya West Nile ilikuwa bado nje ya laini ya taifa, tunagawana megawati tatu na nusu za bwawa dogo la Nyagak pamoja na jenereta. Siku hizi nguzo kubwa zimefika, na bwawa la umeme la Karuma lenye megawati 600 lilizinduliwa Septemba 2024. Hongera, kweli. Ila kutoka nguzo kubwa hadi kwenye bati langu ni safari nyingine, na mtaani kwetu wengi bado tunalala na kuamka kwa sola.

Aliyeniuzia aliniambia neno ambalo bila shaka hata wewe umelisema jukwaani: jua ni la bure. Mimi nina daftari. Mbele kuna vipimo vya viuno na mabega ya wateja, nyuma kuna sola. Paneli mbili za wati 100, shilingi 520,000. Betri ya ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaobeba, dukani tunasema ampea tu), shilingi 480,000. Kontrola (kidude cha kulinda betri), inveta (ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), nyaya, taa na ujira wa fundi, 450,000. Jumla 1,450,000, na nusu yake ilikuwa mkopo wa chama chetu cha akina mama.

Zile paneli mpaka leo zipo, na ukiziangalia utadhani za mwaka jana. Watengenezaji wengi huzipa dhamana ya miaka 20 hadi 25, nami naamini, maana zinachodai ni maji na kitambaa tu. Kuanzia Desemba hadi Februari, watu wanapochoma nyasi, masizi huanguka juu ya bati kama mvua nyeusi, na siku ya tatu chaji imeshuka. Nawapandisha vijana alfajiri wazifute kabla kioo hakijapata moto. Maji baridi juu ya kioo cha moto yanaweza kukipasua. Kivuli nacho ni adui. Tawi moja la mwembe lilikuwa linafunika pembe ya paneli kuanzia saa nane mchana, nami nikidhani linanipunguzia kidogo tu. Fundi akanieleza kwamba seli zimefungwa kwa mfuatano: ukiziba chache, zilizobaki zinabanwa pia, kama mtu aliyekanyaga mpira wa maji. Tulikata tawi. Mama mkwe hakunisemesha wiki mbili, ule mwembe aliupanda yeye.

Shida, Mheshimiwa, ni betri.

Ya kwanza niliiua mwenyewe. Tulikuwa tunawasha televisheni mpaka taa zinakuwa nyekundu, kisha tunalala. Hakuna aliyeniambia kwamba betri ya risasi, yaani ile ya madini ya risasi na asidi kama ya gari, haitaki kunywewa chini ya nusu, kwamba ampea 100 dukani ni kama 50 nyumbani. Kontrola ya bei rahisi ilikuwa inachelewa kukata. Machi 2019, miaka miwili haijatimia, ikafa. Kwa hiyo sikumlaumu mtu.

Ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nilisema sasa nimejifunza, nichukue kubwa ili tusiifikishe chini ya nusu. Dukani nikaonyeshwa betri iliyoandikwa ampea 200, stika inang'aa, shilingi 650,000. Duka silitaji hapa, kwa sababu naamini hata mwenye duka aliuziwa hivyo hivyo. Nikailipia, nikaiinua nikaiweka juu ya boda boda. Mimi mwenyewe, peke yangu. Kwa nini kichwa hakikunigonga palepale, sijui.

Ikadumu miezi ishirini. Fundi alipokuja kuipima akaitazama, akaitikisa kwa mkono mmoja, akauliza, "Mama, hii nani amekubebea?" Nikamwambia nimebeba mwenyewe. Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. Jirani yangu ana mizani ya kupimia muhogo mkavu. Tukaipeleka. Kilo 31. Fundi akasema betri ya risasi ya ampea 200, volti 12, haiwezi kuwa na uzito huo: risasi ni madini mazito, na umeme unakaa kwenye risasi, haukai kwenye stika. Ya kweli hupita kilo 50, na kuibeba ni kazi ya wanaume wawili. Nilikuwa nimenunua ampea 100 kwa bei ya 200, na kwa sababu niliitumia kama ya 200, nikaiua haraka zaidi kuliko ile ya kwanza.

Betri ya tatu niliinunua Novemba 2020, shilingi 550,000. Ya nne 2023, shilingi 600,000, na hii kabla ya kulipa niliipima kwanza, muuzaji akanuna. Jumlisha zote nne: 2,280,000. Paneli zile 520,000. Kwa miaka minane hiyo ni karibu 23,750 kila mwezi kwa betri peke yake. Wenzetu wa Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla, wananunua umeme kidogo kidogo kwa simu. Bili yangu mimi inalala miaka miwili halafu inaamka yote kwa usiku mmoja, hata wakati wa karo za shule.

 Paneli ndicho kitu nilichonunua mara moja tu.

Kwa hiyo ninachokuomba, kwanza kabisa, ni mizani. Wewe na wenzako wa UNBS, shirika la viwango la taifa, amueni kwamba kila betri ya sola inayoingia Uganda iandikwe uzito wake kwa herufi za kusomeka, na wakaguzi waipime mpakani na madukani. Sisemi maabara. Mizani ya muhogo inatosha kumkamata mwizi wa nusu nzima. Betri za lithiamu ni nyepesi kwa asili, hizo zina vipimo vyake na bei yake imetuzidi wengi. Mimi nazungumzia hizi za risasi ambazo sisi watu wa kawaida tunanunua.

La pili ni mkopo wa betri ya pili. Miradi yote ninayoisikia inamsaidia mtu kuwasha taa ya kwanza. Benki ya Dunia mwaka 2022 iliidhinisha dola milioni 638 kwa mradi wa kupanua umeme nchini, na nimesikia wakimbizi na sisi tunaoishi nao tumo ndani. Basi tengeni fungu kwa mtu ambaye paneli zake ni nzima na betri imekufa. Huyo anahitaji shilingi chache kuliko wa kuanzia sifuri, na nyumba yake tayari ina nyaya.

Vivyo hivyo kwa zahanati na shule. Mkwe wangu alijifungulia mahali ambapo juu ya paa kuna paneli sita, na chini nesi ameshika simu kwa meno ili apate tochi. Nilipouliza nikaambiwa betri zilikufa zamani, na kwenye bajeti hakuna mstari wa betri. Mstari mmoja, Mheshimiwa. Unajua tarehe paneli zilipofungwa, kwa hiyo unajua karibu na mwaka gani betri zitaomba kubadilishwa.

Na betri mbovu zinaenda wapi? Kwetu zinamwagwa asidi nyuma ya nyumba, risasi inayeyushwa kwenye sufuria, watoto wanachungulia. Risasi inaharibu akili ya mtoto. Wenye maduka walazimishwe kupokea ya zamani wanapouza mpya, na wapunguze kitu kwenye bei, la sivyo hakuna atakayeirudisha.

Ile betri ya pili sijaitupa. Iko chini ya meza ya cherehani, stika yake ya 200 bado inang'aa. Ukimtuma afisa wako, aulize kwa mama mshonaji, barabara ya Koboko, atapelekwa. Mizani iko kwa jirani. Alipe tu mia tano ya kupimia.

Wako mwananchi,
Mshonaji wa nguo, Arua