Nyumba ikikusumbua usiku panda kwanza darini kabla hujataja jina la mtu

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee kuhusu hizi nyumba zinazosemwa zina majini, zina mauzauza, zimetegwa, kila mtu na jina lake. Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Mwanza, kazi yangu inaniingiza mpaka juu ya dari za watu, kwaiyo nyumba za namna hii naitwa sana. Mara nyingi kwenye simu mtu hasemi lote, anakwambia tu fundi njoo uangalie taa, ukifika ndo unamkuta mama kakaa nje na watoto, godoro limetolewa uwanjani, na mjomba mtu yuko njiani na mtaalamu kutoka kijijini. Sina ugomvi na imani ya mtu. Anayetaka kusali asali, anayetaka kisomo aite masheikh, padri akija kubariki nyumba ni jambo jema, hakuna anayeumia hapo. Ninachoomba ni kwamba nyumba ikaguliwe kwanza, na jina la mtu yeyote kwamba ndo mchawi lisitoke mdomoni kabla ya hapo, kwa sababu huku kwetu Kanda ya Ziwa jina likishatoka linaua.

Nianze na taa maana ndo eneo langu. Mtu anazima taa analala, chumba kiko giza, baada ya muda ile taa inamulika mara moja inazima, inakaa kidogo inamulika tena, usiku kucha, na swichi umeizima kabisa. Ukiona hivyo mara nyingi fundi aliyefunga nyumba alipitisha nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye swichi badala ya laivu (waya unaoleta umeme), kwaiyo hata ukizima umeme bado umefika kwenye holda ya taa, na hizi taa za LED zinahitaji umeme kidogo sana, ule unaovuja unajikusanya ndani ya taa mpaka unatosha kumulika mara moja, unaisha, unaanza kujikusanya upya. Saa nyingine hata nyaya zikiwa sawa taa inafanya hivyo kwa sababu swichi ina kitaa kidogo ndani yake au nyaya zimepita pamoja umbali mrefu. Kwa vyovyote muite fundi aangalie, na hapa sio suala la usingizi tu, maana kama swichi imekata nyutro siku mtu akipanda kubadilisha taa akijua amezima, atashika umeme mzima mzima. Nyumba ambayo taa zote zinafifia na kupanda zenyewe nayo usilale nayo, nyutro imelegea mahali, inaweza kuwa kwenye mita au kule kwenye nguzo, zima meni swichi uwaite TANESCO. Na ule ukuta ambao watu wanasema "unashika", au bomba linalotetemesha mkono, au mlango wa geti unaokupiga mvua ikinyesha, jamani huo ni umeme unaovuja, mara nyingi waya umetafunwa na panya na nyumba haina ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Nimeona familia inanyunyizia ukuta maji ya dawa waliyopewa. Maji kwenye ukuta wenye umeme! Muite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, siku hiyohiyo, na mpaka afike watoto wasiguse pale.

Sasa dari. Bati likipigwa na jua mchana kutwa linatanuka, usiku baridi ikiingia linanywea, na kwa vile limebanwa na misumari halinywei taratibu, linaachia kwa mishtuko, ta! ta! na mbao nazo zinaitikia, ukiwa umelala chini unaapa kuna mtu anatembea au anarusha vijiwe. Sikiliza saa: sauti za bati zinakuja jua likishazama mpaka usiku wa mwanzo, na asubuhi tena jua likipanda. Sauti za kukwaruza na kuburuta vitu usiku wa manane ni panya, tena wale wakubwa, wanaviringisha hindi zima juu ya siling bodi na wewe unasikia mpira unachezwa. Popo wao wanatoka jioni giza likiingia na kurudi karibu na alfajiri, wanaingia kwenye upenyo mdogo tu chini ya kofia ya bati, na ile harufu kali inayochoma pua ambayo watu wanasema ni ya jini, ni mkojo na mavi yao. Panda mchana na tochi, funika mdomo na pua, vaa glovu, usimshike popo kwa mkono mtupu kwa sababu anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Matundu yazibe usiku wakiwa wameshatoka wote, na usifanye hivyo wakiwa na vichanga ndani maana vitafia humohumo na harufu itakuwa mara mbili.

Na bundi namtetea hapa hapa. Watu wanamuona juu ya paa wanasema msiba unakuja, wanamrushia mawe, kumbe yuko pale kwa sababu kwako kuna panya na yeye ndo chakula chake. Yule bundi mweupe wa usoni halii kama bundi wa kwenye hadithi, anatoa mlio wa kukwaruza unaotisha kweli, na makinda yake yakiwa darini yanapumua kwa sauti kabisa kama mtu mwenye pumu. Muache ale panya.

Kuhusu mabomba kufunguka yenyewe saa nane usiku sina haja ya kusema mengi. Maji ya mgao yalikatika mchana, mtu akafungua koki akakuta hakuna akaiacha hivyohivyo, yakirudi usiku yanaanza na hewa inayopiga kelele kwenye mabomba, alafu yanamwagika.

Jambo ninaloliogopa kuliko yote ni jiko la mkaa. Kipindi cha mvua au baridi mtu anaingiza jiko chumbani ili watoto wapate joto, au anapikia ndani usiku, maharage yanachemka polepole, madirisha yamefungwa na nguo zimezibwa chini ya mlango kuzuia mbu. Mkaa unaoungua mahali pasipo hewa ya kutosha unatoa gesi inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na mkaa uliokolea hauna hata moshi wa kukushtua. Gesi hiyo inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, kichefuchefu, unachanganyikiwa, miguu inaisha nguvu, na ukiendelea kukaa unalala usiamke. Sasa familia nzima ikiamka usiku wote wanaumwa kichwa, mmoja anasema kaona mtu, mwingine kasikia anaitwa, nani hatasema nyumba imevamiwa? Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika kwenye jarida la madaktari wenzake habari za familia aliyoiita familia H, walihamia nyumba kubwa ya zamani wakaanza kusikia nyayo za watu wasiowaona, kuona watu vyumbani, watoto wakapauka wakawa wanyonge, mpaka maua ya ndani yakaanza kufa. Kumbe tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu na hewa yake chafu inarudi ndani. Likatengenezwa, mambo yakaisha. Huko ni tanuri, huku kwetu ni jiko na jenereta inayowashwa kwenye korido. Dalili ya kuangalia ni hii, mkitoka nje mnapata nafuu, mkirudi ndani mnaumwa tena, na mnaumwa wengi kwa pamoja hata kuku au paka wa ndani. Ukiona hivyo toeni watu wote nje, fungueni milango, jiko litoke, na aliyezimia au anayechanganyikiwa apelekwe hospitali haraka na daktari aambiwe wazi kulikuwa na jiko ndani, msimfiche kwa aibu.

Kuna hili la kukabwa. Unaamka macho yako wazi, unaona chumba, lakini huwezi kunyanyua hata kidole, kifua kimekandamizwa, na unahisi kabisa kuna mtu amesimama pale. Wazee waliliita jinamizi, na linampata mtu yeyote. Ukiwa kwenye usingizi wa ndoto mwili unalegezwa ili usiitekeleze ndoto, saa nyingine akili inatangulia kuamka mwili bado, kwaiyo kwa sekunde kadhaa au dakika chache unakuwa katikati, na ndoto inaendelea kuonekana chumbani. Linakuja zaidi kwa mtu aliyechoka, anayefanya shifti za usiku, mwenye mawazo, anayelala chali. Jitahidi kusogeza kidole cha mguu au kope, usihangaike kupiga kelele, litaachia lenyewe, na ulalie ubavu. Hofu hii sio ndogo. Mwaka 1995 ilianzia Pemba ikaenda Unguja mpaka Dar, watu wanasema ni Popobawa, jini linalovamia watu usiku wakiwa wamelala, familia nzima zikawa zinalala nje zimezunguka moto, na kule Unguja kijana mgonjwa wa akili aliyetoka bara alipigwa na watu mpaka akafa wakidhani ndo yeye. Alikuwa ni mtu tu, mgeni, mgonjwa.

Kwaiyo na mgonjwa naye mumwangalie. Kama sauti anazisikia mtu mmoja tu nyumba nzima, anaongea peke yake, halali, anashuku kila mtu, huyo anahitaji hospitali, hapa Mwanza Bugando wana madaktari wa afya ya akili, na dawa zipo. Aliyefiwa akisikia sauti ya marehemu wiki za mwanzo mpeni muda na mkae naye, hiyo ni huzuni.

Alafu kuna mawe ya kweli. Mume akishafariki, kiwanja kina thamani, mjane kakaa na watoto, na ghafla mawe yanaanza kupiga bati kila usiku. Jini halina haja na hati ya kiwanja. Andika tarehe na saa, waombe majirani wawili watatu wakeshe nawe, mtaarifu mwenyekiti wa mtaa, ripoti polisi, na hati ikae mahali salama nje ya nyumba. Angalieni pia nani anayemshauri huyo mama auze haraka kwa bei ya kutupa.

Sasa nije kwa wataalamu. Wapo waganga wa tiba asili waliosajiliwa, wana baraza lao chini ya sheria ya 2002, siwasemi hao. Nawasema wanaopita mitaani na vijijini, lambalamba wanaojidai kufichua wachawi na wenzao, wanaingia kwenye yadi yako wanachimba, wanatoa pembe, kitambaa chekundu na nywele, watu wanapiga kelele, na hakuna aliyemkagua mikono na mifuko kabla hajaingia. Ukishalipa hapo inakuja sehemu ya pili: aliyefukia ni mwanamke, mzee, wa ukoo wako, macho yake mekundu. Hilo silo jina lakini kila mtu pale ameshalisikia jina. Na macho mekundu ni ya moshi! Bibi aliyepikia kuni na mavi ya ng'ombe kwenye kijumba kisicho na dirisha miaka hamsini macho yake yawe meupe kwa sababu gani? Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiandika miaka na miaka juu ya vikongwe wanaouawa kwa tuhuma hizi, na mikoa yetu ya Mwanza, Shinyanga, Tabora, Geita haikosi kwenye orodha. Wanakatwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao, na ukifuatilia mwanzo wake unakuta mtoto aliumwa, au ng'ombe walikufa, au nyumba ya mtu fulani ilikuwa "haikaliki". Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928 na kumnyooshea mtu kidole kwamba ni mchawi ni kosa, lakini watu wanaona ni maneno tu ya kifamilia. Siyo maneno tu.

Ndo maana nasisitiza, ukiita mtu yeyote kuja kuangalia nyumba, awe fundi, mchungaji, sheikh au mganga, mwambie kabla hajakanyaga mlangoni kwamba hapa hatutaki jina la mtu. Akikataa sharti hilo mrudishe.

Na kama kwenu jina limeshatajwa usisubiri kuona itakuwaje. Mtoe huyo mzee leo, akakae kwa mtoto wake mwingine mjini au kwa ndugu anayeaminika, asibaki analala peke yake kwenye kile kijumba. Nendeni kwa mtendaji, nendeni polisi, mwombe watu wa Dawati la Jinsia na Watoto wakusaidie kuandikisha taarifa, mtaje nani kamtaja na mganga gani alileta maneno, maana hao ndo wanaotakiwa kuhojiwa. Vijana waliosikia tuhuma pale yadini waitwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa waambiwe wazi kwamba wanajulikana kwa majina. Mzee asirudishwe mpaka hilo limefanyika.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi umeme, Mwanza