YAH: MADAI YETU YA BIMA YA MTANDAO MLIYOYAKATAA

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yenu ya kukataa madai yetu ya shambulio la wadukuzi kwenye kompyuta zetu nimeipokea. Masharti ya hati ya bima mnayajua kuliko mimi, maana nyie ndio mlioyaandika, kwa hiyo sitawasomea kifungu kwa kifungu. Najitahidi kuandika kwa adabu. Mkiona mahali adabu imepungua, mjue nilikuwa nimefika kwenye jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye chumba chenu cha mikutano, ofisa madai wenu, kijana anayelingana na mwanangu wa pili, aliegemea kiti akaniambia: "Mama, tuwe wakweli. Bima hii ni ya mabenki na makampuni ya simu. Nyie wadogo mnainunua ili mpate cheti cha kuambatisha kwenye tenda." Akamaliza, akachukua simu yake akaanza kusoma ujumbe.

Nitalirudia baadaye. Kwanza barua yenu.

Mnasema fundi wetu aligusa seva bila idhini yenu, hivyo gharama zake hazilipwi. Idhini hiyo tungeiomba kwa nani? Kwenye hati mmechapa namba ya dharura, saa 24, siku 7. Usiku wa Ijumaa mafaili yote yakafungwa. BL (hati za mizigo ya meli) za wateja hazifunguki, ankara hazifunguki, kila folda ina ujumbe wa wadukuzi wanaotaka walipwe kwa sarafu za kidijitali. Tukapiga namba yenu. Ikaita mpaka ikakata. Tukapiga tena na tena. Asubuhi ya Jumamosi ikapokewa na mlinzi wa jengo lenu (nasema kweli, mlinzi), akatushauri tupige Jumatatu. Kusema haki, huyo mlinzi ndiye mtu pekee wa kampuni yenu aliyewahi kuniambia pole.

Basi fundi akachomoa seva kwenye mtandao balaa lisifike kwenye kompyuta za tawi letu la Tunduma, akarudisha alichoweza kutoka kwenye bekapu (nakala za akiba). Mlitaka afanye nini, akae aitazame? Hati yenu yenyewe inamtaka mwenye bima azuie hasara isikue. Tumeizuia, na kwa kuizuia mnatuadhibu. Fomu yetu ya maombi ya bima hamkuilalamikia hata kidogo, kwa sababu mkaguzi wenu alikuta kila tulichokiandika kipo: uthibitisho wa hatua mbili, bekapu nje ya ofisi, nywila zinazobadilishwa.

Na zile saa 12 za kusubiri kabla ya hasara ya biashara kuanza kuhesabiwa, sina ugomvi nazo, nilisaini. Ugomvi wangu ni kwamba mmeanza kuzihesabu Jumatatu, ofisa wenu alipofungua baruapepe, wakati mfumo ulikufa Ijumaa. Kontena bandarini hazikujua kwamba nyie mko mapumzikoni. Storeji (tozo ya mzigo kukaa bandarini) ilikuwa inapanda, demareji ya kampuni ya meli (tozo ya kuchelewesha kontena zao) inapanda kwa dola, na mzigo wa mteja wa Lubumbashi umekaa palepale kwa sababu nyaraka zake ziko ndani ya mafaili yaliyofungwa.

Na huyo mteja wa Lubumbashi alikuwa amekaa kando yangu siku ile! Hilo ofisa wenu hakuliandika kwenye kumbukumbu za kikao, nimeangalia. Nilikuja naye makusudi, asikie kwa masikio yake kwamba fidia iko njiani. Mtu amesafiri kutoka Kongo, Kiswahili anakijua vizuri kabisa, anasikia wakala wake anaambiwa kwamba yeye ni mdogo, kwamba alinunua karatasi ya tenda. Bosi wa kijana alikuwepo mezani. Hakumkanya. Alitabasamu, akanikaribisha chai. Yule mteja hakusema neno mpaka tulipofika kwenye lifti, akaniuliza: "Mama, bima unayo kweli?" Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha tangu makaratasi yalipokuwa yanapigwa mhuri kwa mkono, na sijawahi kuulizwa swali la kunidhalilisha hivyo. Sasa hivi mizigo yake inatolewa na wakala mwingine. Hasara hiyo nayo iko kwenye kifungu gani?

Sababu yenu ya pili ndiyo iliyomchekesha fundi. Mnasema programu iliyotushambulia "inafanana" na zinazotumiwa na makundi yenye uhusiano na serikali ya kigeni, hivyo ni tendo la kivita na halilipwi. Vita, Kurasini! Yaani mwizi ameiba, nyie mnataka kwanza kuona pasipoti yake. Nijuavyo mimi, na mwanasheria wangu amethibitisha, bima ikidai kwamba jambo limo kwenye yasiyolipwa, ni yenyewe inayotakiwa kuthibitisha. "Inafanana" si uthibitisho.

Tena kesi hii si ngeni duniani. Kampuni ya dawa ya Merck ya Marekani ilipigwa na shambulio la mtandaoni la NotPetya mwaka 2017, ikadai takriban dola bilioni 1.4, na kampuni za bima zikajificha nyuma ya neno hilohilo la vita. Mahakama ya New Jersey ikawakatalia, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikawakatalia tena. Na zile zilikuwa bima za mali. Ya kwenu imeandikwa "mtandao" kwenye jalada.

Mwanasheria mliyeahidi kwenye hati sikumwona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inanitaka niiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pale taarifa za wateja zinapoingiliwa. Nimeiarifu kwa kumlipa mwanasheria wangu mwenyewe. Polisi nimekwenda, RB (namba ya taarifa ya polisi) mnayo. TIRA, mamlaka inayosimamia bima, inawataka mlipe ndani ya siku 45 tangu nyaraka zikamilike, na naona ujanja wenu uko hapo: kila zikikaribia kukamilika mnaomba karatasi nyingine. Ada yenu pamoja na VAT hamkuisubiri namna hiyo.

Nilipoanza kuandika nilitaka vitu vitatu tu: malipo ya fundi, storeji na demareji, na mapato tuliyopoteza kuanzia Ijumaa, si Jumatatu. Sasa naongeza gharama za mwanasheria, na riba kwa muda wote mliokaa na fedha hizo. Naongeza pia barua ya kuomba radhi, iliyosainiwa na wewe Mkurugenzi, si na ofisa, nakala iende Lubumbashi, iseme wazi kwamba bima nilikuwa nayo na ilikuwa hai.

Nawapa siku 14. Baada ya hapo bima ya malori yetu, ya mizigo na ya afya ya wafanyakazi zitaondoka kwenu zikiisha muda, na mawakala wenzangu wanaoniuliza kama wanunue bima yenu ya mtandao nitawaonyesha barua yenu bila kuongeza neno. Jalada litakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na ikibidi Mahakama Kuu, Divisheni ya Biashara. Yule kijana aje pale, aketi mbele ya Jaji, arudie maneno yake yote. Simu yake aiache nje.

Wenu katika biashara, kwa sasa,

Mkurugenzi,
Kampuni ya Uwakala wa Forodha, Kurasini,
Dar es Salaam.

Nakala: Kamishna wa Bima, TIRA (imeshapelekwa kwa mkono, ikapokelewa kwa mhuri)