Mamlaka ya Makamu wa Kwanza yaandikwe katika Katiba

Ndugu Mhariri,

Julai 31, 2010 nilimshika mkono mama yangu, macho yake yameshapungua nuru, tukapanga foleni katika skuli ya kijiji chetu kupiga kura ya maoni, ambapo asilimia 66.4 ya waliopiga kura Zanzibar walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani chama kilichoshinda kuongoza pamoja na kilichoshika nafasi ya pili. Tuliridhia haki ya kikatiba, si hisani ya mshindi. Hata hivyo, Makamu wa Kwanza wa Rais, anayetoka chama kilichoshika nafasi ya pili, amebaki na cheo kikubwa chenye mamlaka finyu, ilhali Makamu wa Pili, wa chama cha Rais, ndiye anayeongoza shughuli za Serikali katika Baraza la Wawakilishi. Naliomba Baraza hilo liyaainishe mamlaka ya Makamu wa Kwanza ndani ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 yenyewe, kabla ya uchaguzi mwingine.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba