Kutoga kitovu: kipini kinaingia mara moja, kidonda kinachukua miezi

Kabla ya kushika sindano, tunamwomba mteja aketi. Akiwa amesimama, karibu kila kitovu huonekana kinafaa. Akiketi, vingine hujikunja, ngozi ya juu ikalalia ya chini na kufunika shimo lote. Kipini cha kawaida chenye gololi mbili kikikaa hapo, gololi ya chini husukumwa kila mtu anapoinama, na kidonda hakipati nafasi ya kupona. Kitovu cha namna hiyo hufaa kipini chenye kikalio bapa na kidogo upande wa ndani, au kisitogwe kabisa.

Kinachotobolewa ni ukingo wa ngozi juu ya kitovu. Sindano iwe mpya, yenye uwazi ndani; bastola ya kutogea masikio haifai hapa, inaponda nyama. Kipini cha kwanza kwa kawaida huwa na unene wa milimita 1.6 na urefu wa milimita 10 hadi 12, ili uvimbe upate pa kukaa. Chagua titani ya daraja la kupandikizwa mwilini. Madini ya bei rahisi mara nyingi huwa na nikeli, na muwasho wake watu huudhania usaha unaanza.

Usafi ni mara mbili kwa siku, basi. Nawa mikono kwa sabuni, nyunyizia maji ya chumvi ya dukani ya asilimia 0.9, subiri ukoko ulainike, futa kwa shashi, kausha. Pamba huacha nyuzi zinazojizungusha kwenye kipini. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huunguza ngozi changa, na mafuta mazito huziba tundu. Usikizungushe kipini: ukoko mkavu unaoburutwa ndani huchana upya kilichokwisha kushikana. Ndiyo, hata kama shangazi aliambiwa azungushe hereni zake.

Suruali ya kiuno cha juu na mkanda vikae mbali. Bwawa, bahari na beseni la kuogea vingoje hadi kidonda kipone.

Kupona huchukua miezi 6 hadi 12, na hapo ndipo wengi hukosea. Ngozi hufunga kutoka nje kwenda ndani, kwa hiyo mwezi wa tatu tundu linaonekana limepona ilhali katikati bado ni bichi. Ukibadilisha kipini wakati huo, unarudi mwanzo.

Majimaji meupe yanayokauka kuwa ukoko ni ya kawaida. Usaha wa kijani au wenye harufu, joto, wekundu unaosambaa au homa ni vya daktari. Usikichomoe kipini mwenyewe, maana tundu likijifunga usaha hubaki ndani. Lakini ukiona ngozi kati ya matundu mawili inazidi kuwa nyembamba, hadi chuma kinaonekana kwa chini yake, mwili unakikataa. Njoo kitolewe mapema, kabla hakijachana ngozi yote na kuacha mfereji wa kovu.