Usitie saini kwanza

Kulon Progo, Java, Indonesia

Somo yangu mpenzi,

Asalam alaikum. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mbili za kwanza kwa raha ya habari za nyumbani, ya tatu nikakwama pale ulipoandika kwamba mjomba amepata mnunuzi wa lile shamba la ufuoni, na wewe uko tayari kutia saini kwa kuwa mchanga hauzai. Nimeacha kila kitu nikuandikie, maana huku niliko watu wanakula na kusomesha watoto kwa mchanga.

Kijiji chetu kiko pwani ya kusini ya Java, karibu na ufuo wa Trisik, upande wa magharibi wa mdomo wa mto Progo. Mchanga wa hapa ni mweusi. Mito huuteremsha kutoka mlima Merapi, mlima wa moto unaoonekana kukicha mapema kabla mawingu hayajaufunika. Mchana huwezi kuukanyaga pekupeku. Bahari nayo haina mwamba wa kuizuia kama ya kwetu. Wimbi linatoka mbali huko na kuja kupasuka miguuni pako, na usiku kucha nyumba inasikia.

Nakaa kwa bibi mmoja ninayemwita Mbah, kama wote wanavyomwita. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni sijui niseme nini, jirani akanifundisha: hapa hodi ni "kulonuwun". Ndani wakaitikia "monggo", na ile sauti ya kuitikia, somo, ilikuwa karibu ya mama yako kabisa. Tangu siku hiyo sikujiona mgeni tena. Maneno mengine wala sikuhitaji kufundishwa: kabar ni habari, rezeki ni riziki, musim ni msimu, bendera ni bendera.

Sasa huo mchanga. Wazee wanasema zamani eneo lote la ufuoni lilikuwa kichaka cha miiba, upepo unapeperusha mchanga hadi kwenye wali, na wenyewe wakidharauliwa na watu wa bara. Wanasimulia kuwa katikati ya miaka ya 1980 mkulima mmoja aliona mche wa pilipili umeota wenyewe kwenye mchanga mtupu, unazaa. Akafikiri: kama huu umeweza bila mtu, itakuwaje ukipata mtu? Akajaribu, majirani wakamwangalia, halafu wakamfuata.

Leo ukisimama ufuoni ukatazama bara unaona kwanza ukuta wa mivinje. Ndiyo, mivinje hii hii yetu. Wameipanda kwa safu ili ikate upepo wa chumvi. Nyuma yake ndipo matuta yanaanza: pilipili, vitunguu, matikiti maji, mpaka yanapokutana na majaruba ya mpunga. Mchanga hauhifadhi maji wala mbolea, kwa hiyo wanaulisha: samadi ya ng'ombe kwa wingi, kisha majani makavu ya mpunga juu yake ili jua lisiunyonye. Na maji yapo! Ukichimba mita chache tu unapata maji baridi, matamu, bahari ikivuma pale pale. Wamechimba visima vifupi vya pete za saruji, kimoja baada ya kingine, vimeunganishwa na mabomba chini. Unapiga pampu kwenye kisima cha kwanza, maji yanakwenda yenyewe mpaka cha mwisho, na mkulima anachota palipo karibu na tuta lake. Alfajiri na jioni utawaona na makopo mawili ya kumwagilia, moja kila mkono, wanapita kati ya matuta kama wanaotia udhu shamba zima.

Kilichonigusa zaidi ni namna wanavyouza. Hawamsubiri mchuuzi aje na bei yake. Pilipili za kikundi zinakusanywa mahali pamoja, jioni wachuuzi wanaandika bei kwenye karatasi, wanatia sandukuni, na aliyeandika bei ya juu ndiye anayechukua. Nilikaa kwenye mkeka nikitazama karatasi zikifunguliwa, nikawakumbuka akina mama wa kwetu wanaopangiwa bei ya nazi na mtu aliyeshuka kwenye pikipiki dakika tano zilizopita.

Uvuvi hapa ni mgeni kuliko kilimo. Boti zao ni ngalawa, somo, zina matengo mawili kama zetu, ila za faiba na zina mashine. Watu wawili wanaingia, wengine wanasukuma. Kisha wote wanasimama kimya wakihesabu mawimbi. Likipita kubwa la mwisho, mmoja anapiga kelele, wanasukuma kwa pamoja, mashine inawaka, na boti inapanda wimbi mpaka unaona tumbo lake lote. Kila mara roho yangu inanitoka. Mke wa mvuvi yuko shambani muda huo, anamwagilia, lakini nimegundua kwamba mgongo wake hauielekei bahari.

Wana juma letu la siku saba na lao jingine la siku tano: Legi, Pahing, Pon, Wage, Kliwon. Ijumaa na Kliwon zikikutana, kila baada ya siku 35, wavuvi wengi hawaingii majini. Wanashona nyavu au wanashika jembe. Bahari hii wanasema ina malkia wake, na rangi ya kijani ni yake. Ile kanga yangu ya kijani uliyonipa, Mbah alinisihi nisishuke nayo ufuoni. Niliikunja nikaiweka. Naivaa ndani tu.

Ningekueleza habari za wagema wa hapa ningejaza karatasi nyingine: wanagema mnazi asubuhi na jioni kama kwetu, lakini utomvu hawauachi uchachuke uwe tembo, wanautia chokaa kidogo kisha wanauchemsha mpaka uwe sukari guru. Nitakuletea kipande.

Lakini usidhani wameachiwa raha yao. Mchanga huu una chuma, na mwaka 2006 wakulima waliunda chama chao kupinga usichimbwe. Huko Temon, magharibi yetu, mashamba ya namna hii sasa ni uwanja wa ndege, ulioanza kutumika mwaka 2019. Waliolipwa walilipwa. Jirani mmoja ana ndugu yake kule. Anasema fedha ilikuja mara moja, pilipili ilikuwa inakuja kila msimu. Sikuwa na la kumjibu, na ndiyo maana nakuandikia wewe.

Somo, sisemi mchanga wetu ni sawa na wao. Wao ni wa volkano, wetu mweupe, wa matumbawe, na huenda yanayokubali huku yakakataa huko. Ninachokuomba ni miezi michache. Mwambie mjomba nimekuomba mimi, anilaumu mimi. Mivinje tunayo tayari, samadi kwa wale Wamang'ati wa barabarani haiishi. Kilichobaki ni maji. Kile kisima cha bibi nyuma ya mkunazi, kifukue, kisafishe, halafu mwisho wa kaskazi, kabla tone la masika halijaanguka, pima urefu wa kamba mpaka majini na uyaonje asubuhi na mapema.

Niandikie kamba ilikuwa pima ngapi, na maji yana chumvi au hayana.

Wako wa daima,
Somo yako